Fungu la Mashine

Historia ya mashine ya boti, ile inayofungwa kwa nyuma kwenye tezi, huanza na aiskrimu. Angalau hivyo ndivyo Wamarekani wanavyoisimulia. Mwaka 1906, siku ya jua kali, fundi mitambo mmoja aliyezaliwa Norway, Ole Evinrude, alipiga makasia kuvuka ziwa Okauchee katika jimbo la Wisconsin kumletea mchumba wake Bess Cary aiskrimu. Alipofika, aiskrimu ilikuwa uji. Mwaka 1909 akaanza kuuza mashine yake: nguvu za farasi 1.5, uzito wa kilo 28 hivi, bei dola 62. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, ndiye aliyeendesha ofisi na kuandika matangazo ya kuwahimiza watu watupe makasia.

Hadithi tamu. Shida ni kwamba Evinrude hakuwa wa kwanza. Cameron Waterman, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria Yale, alikuwa amejaribu mashine yake tangu 1905, na kule New York kuna watu waliouza mitambo ya aina hiyo kabla ya karne ya 20 kuingia. Lakini Waterman hakuwa na aiskrimu, kwa hivyo nani anamkumbuka?

Mimi sina ugomvi na suala la nani alitangulia. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi za aina hii huishia siku bidhaa inapouzwa. Mwanahistoria wa Uingereza David Edgerton alitoa kitabu mwaka 2006, *The Shock of the Old*, akisema kwamba tukitaka kuelewa teknolojia tuache kuhesabu uvumbuzi, tuangalie vitu vinavyotumika: nani anavitumia, kwa muda gani, na nani anavitengeneza vinapoharibika. Nilikisoma chuoni nikaona ni maneno ya darasani tu. Nikaja kukielewa Lamu mwaka juzi, nikiwa nimeshika ndoo ya dizeli huku Ami akinifokea nisimwage.

Ami ni ndugu wa babangu. Boti yake ilichongwa Matondoni mwaka 1994, na mashine, Yamaha Enduro ya farasi 40, silinda mbili, aliinunua kuukuu miaka miwili baadaye kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga biashara ya kupeleka wageni kuvua. Yaani mashine ilipofika kwake ilikuwa tayari ina umri. Tangu mwanzo wa 2020 boti ilikuwa imelala chini ya mkungu, imefunikwa turubai, kuku wametaga ndani. Mashine ilikuwa stoo, imesimamishwa kwenye gogo, imevishwa gunia kama maiti. Mtu mmoja alikuwa amekuja na pesa taslimu, anataka kuinunua aivunje auze spea. Ami alikuwa amempa wiki tatu. Mwanawe, binamu yangu, ndiye aliyeziomba hizo wiki tatu.

Ili ujue kwa nini aliziomba, lazima ujue jinsi samaki wanavyogawanywa. Chombo kikirudi, samaki wakiuzwa, kwanza zinatolewa gharama za mafuta na barafu. Kinachobaki kinakatwa mafungu. Kila baharia ana fungu lake. Chombo kina fungu. Nyavu zina fungu. Na mashine nayo ina fungu, kana kwamba na yenyewe ilikuwa imekaa pale ikivuta kamba. Kama chombo, nyavu na mashine ni vya mtu mwingine, wewe unarudi nyumbani na fungu moja la mkono wako. Binamu yangu alikuwa amekaa miaka minne akivua kwenye boti ya watu. Amini usiamini, hesabu hiyo ya mafungu inaeleza siasa za pwani kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikiliza.

Zamani fungu hilo halikuwapo, kwa sababu upepo haudai. Mwaka wote ulipangwa kwa pepo mbili. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Ghuba na tende, chumvi na mazulia. Kusi ikiingia, yalipanda kurudi yamejaa boriti za mikoko za Lamu, zilizoezeka nyumba nyingi za huko ambako miti ni ya kutafutwa. Biashara hiyo ilikuwa imeshadhoofika serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982. Kufikia wakati huo majahazi makubwa mengi ya Ghuba yalikuwa yameshatiwa injini za ndani na hayakuhitaji tena kumsubiri mtu aitwaye kaskazi.

Vyombo vidogo vilichelewa. Injini ya ndani ni nzito, inataka shimo kwenye tezi, inakula nafasi ya mzigo. Mashine ya nje unaifunga kwa skurubu mbili na jioni unaibeba nyumbani. Ni lazima uibebe, kwa sababu wezi wa mashine wapo, pwani na Ziwa Victoria pia. Kule ziwani wavuvi wengi wamelala masikini kwa usiku mmoja tu. Mashine kama ile ya Ami ina kilo 70 hivi. Watu wawili, mti begani, kupanda ngazi za gati wakati maji yamekupwa. Jaribu siku moja kabla hujasema pwani watu ni wavivu.

Kuna jambo ambalo hadithi ya Wisconsin haiwezi kuligusa. Mashine hii inataka tezi bapa, ubao uliosimama wima ambapo utaifunga. Mashua ya Lamu tayari ina tezi ya namna hiyo, lakini dau lina ncha mbele na nyuma. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila hata msumari mmoja, ndicho kabisa. Mshono wa kamba za nazi na mtetemo wa mashine haviwezi kuishi nyumba moja. Mitepe ilikwisha kabla mashine hazijafika, kwa hivyo siwezi kusema mashine iliiua. Ila ilihakikisha haitarudi. Mafundi wa Matondoni nao walijifunza bila kupewa semina: tezi ikapanuliwa, ikaongezwa ubao mnene wa kushikilia mashine, kitako kikafanywa bapa kidogo ili chombo kiteleze juu ya maji badala ya kuyapasua. Ukiitazama boti ya Ami kutoka omo utasema ni mashua ya babu. Ukizunguka nyuma utaona karne nyingine.

Kazi ilianza na mbao, si na mashine. Chombo cha mbao kikikaa nchi kavu miaka minne kinakauka, mbao zinasinyaa, unaona mwanga katikati ya ubao na ubao. Fundi, mzee aliyeletwa na punda kwa sababu goti lake limekataa kutembea, alizunguka boti akigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Mahali sauti ilikuwa nzito alipiga alama ya mkaa: hapo mbao imeoza. Alipata mbao tatu na taruma moja. Zingine, akasema, ni kiu tu.

Mbao mbovu zikatolewa, mpya za mbambakofi zikaingia. Kisha kukalafati: pamba inasokotwa, inalowekwa mafuta, inasukumwa kwenye mianya kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Ni kazi ya siku nyingi na ina mdundo wake. Halafu wakawasha makuti makavu chini ya chombo na kuuchoma mwili wote kwa nje, haraka haraka, moto unaramba lakini haukai, kuua wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Juu yake wakapaka deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kutoka mkuku hadi mstari wa maji. Ndani wakapaka sifa, mafuta ya papa. Harufu yake sitaielezea. Nilirudi Nairobi na shati moja, mwenye nyumba akaniuliza kama nafuga kitu.

Sasa mashine. Kijana wa kwanza aliyeletwa ni fundi wa bodaboda, fundi mzuri kweli, lakini aliifungua akakaa kimya. Pikipiki zetu za leo karibu zote ni za mapigo manne. Mashine ya Ami ni ya mapigo mawili: haina vali, haina sampu ya oili, oili unaichanganya na petroli yenyewe, nusu lita kwa lita 25, na kila mzunguko wa krankshafti ni mlipuko. Hiyo ndiyo sababu ni nyepesi kwa nguvu zake, na ndiyo sababu ina vipande vichache vya kuharibika. Zamani pikipiki nyingi zilikuwa hivyo, na mtu aliyejua pikipiki alijua mashine ya boti. Daraja hilo limevunjika. Kwa hivyo akatafutwa mzee wa pili, huyu wa Shela, ambaye alifunza kwa kutengeneza na si kwa kuambiwa.

Alianza kwa kuuliza jambo ambalo sisi hatukuliwaza: siku ya mwisho ilipozimwa, iliogeshwa kwa maji baridi? Maji baridi kwa Lamu ni maji yasiyo na chumvi. Mashine ya boti inanyonya maji ya bahari kujipoza. Ukiizima na kuiweka bila kuiogesha, chumvi inabaki kwenye mishipa yake na inakuwa jiwe. Ami akasema iliogeshwa, yeye mwenyewe, na mvua. Mzee akacheka, akasema basi tutaona.

Pistoni zilikuwa zimeshikana. Wakatoa plagi, wakamimina dizeli kwenye silinda zote mbili, wakaacha siku tatu, wakiongeza kila magharibi. (Ndoo niliyofokewa ndiyo hiyo.) Siku ya nne mzee akashika gurudumu kwa mikono miwili akalisukuma, si kwa nguvu, kama mtu anayeamsha mtoto. Likasogea upana wa kidole. Binamu yangu akatoka nje. Nilipomfuata alikuwa ameegemea ukuta anatazama juu, na sikumwambia kitu.

Baada ya hapo ilikuwa orodha ya kawaida. Kabureta: petroli ya 2020 ilikuwa imeganda ndani kama asali ya zamani, vitundu vimezibwa, ikasafishwa kwa waya mwembamba wa breki. Oili ya gia chini kwenye mguu ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji yaliingia, maana yake sili zimekwisha. Pampu ya maji: ndani kuna impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mpira ukikaa umekunjwa miaka minne unasahau kukunjuka. Impela ikifa, maji hayapandi, na mashine ya farasi 40 inajipika katika dakika chache. Mpya ikaagizwa Mombasa ikaja na basi, ikiwa ndani ya pakiti iliyoandikwa vizuri sana. Mzee akaifungua, akaikunja bawa moja kwa kidole gumba, akairudisha kwenye pakiti. Feki. Ikaagizwa nyingine. Siku tano zikapita hapo, na wiki tatu zilikuwa zimebaki siku sita.

Hapa ndipo watu wa mazingira watanikamata, na wana haki. Mapigo mawili ya kabureta yanapoteza robo hivi ya mafuta bila kuyachoma. Yanatoka na moshi hadi baharini. Marekani ilipitisha kanuni mwaka 1996, kuanzia mitambo ya 1998, na zikawa zinakazwa mwaka hadi mwaka mpaka mashine za namna hii zikatoweka madukani huko. Ulaya ikafuata. Evinrude yenyewe ilifunga: mwaka 2020 kampuni iliyoimiliki ilitangaza kuacha kabisa kutengeneza mashine hizo. Mwaka uleule Ami aliifunika ya kwake gunia. Ila huku kwetu mapigo mawili bado yanauzwa na bado yanatafutwa, na sababu si ujinga. Mashine mpya za mapigo manne zinakula mafuta kidogo, lakini ni ghali, ni nzito zaidi, na nyingi zikigoma zinataka kompyuta. Kompyuta iko Mombasa. Mvuvi analipa robo ya petroli yake kwa bahari kila siku ili siku mashine ikizima nje ya mwamba, awe na uwezo wa kuiwasha kwa bisibisi na plagi ya akiba. Mimi naona ni bei ya kuumiza. Sioni ni bei ya kijinga.

Na kwa nini awe nje ya mwamba? Mwaka 2012 uzinduzi wa mradi wa LAPSSET ulifanyika Lamu. Gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Kuchimba mlango wa bahari kulitibua maeneo ya karibu waliyovua watu wenye vyombo vidogo, tanga na mtumbwi. Wavuvi walienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye yakaja mazungumzo marefu kuhusu ilipwe vipi, sehemu ikiwa pesa na sehemu ikiwa vyombo na mitambo. Unaona? Hata fidia ya kupoteza bahari ya karibu inaingia kwenye mjadala wa mashine, kwa sababu bahari iliyobaki iko mbali, na wakati wa kusi huendi huko na tanga la mashua ndogo ukarudi kila siku.

Mashine ililetea Lamu msiba pia. Septemba na Oktoba 2011 watu wenye silaha walikuja kwa boti za kasi wakateka wageni, kwanza Kiwayu kisha Manda. Oktoba hiyo jeshi la Kenya likaingia Somalia. Wageni wakatoweka, na kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku Lamu ukapigwa marufuku. Ami alikuwa akibeba wageni mchana na kuvua usiku. Alipoteza vyote viwili kwa mkupuo. Aliponisimulia hakulalamika sana. Kilichomuudhi, alisema, ni kwamba sauti ya mashine usiku, ambayo mkewe alikuwa akiisikiliza kujua mume karudi, ikawa sauti ya kuogopwa.

Boti ilishuliwa siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kupita kawaida. Watu kumi na wawili hivi, magogo ya mikoko chini ya mkuku, na wimbo wa kuvutia ambao nusu ya wavutaji hawakuujua. Ilipoingia majini ilianza kuvuja kila mahali. Nikashtuka, fundi wa mbao akaagiza chai. Ikaachwa imejaa maji hadi ukingoni, imezama nusu, siku mbili nzima, ili mbao zinywe, zifure, zibane pamba yenyewe kwa yenyewe. Siku ya tatu ikakombwa, na tone moja moja lilikuwa linaingia karibu na taruma jipya. Kwa chombo cha mbao hiyo ni kavu.

Mashine ilijaribiwa kwanza ndani ya pipa uani. Kamba ilivutwa mara kumi na saba, nilihesabu. Ya kumi na nane ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliojaza uchochoro, jirani akafunga dirisha, ikashika. Hakuna aliyetazama mashine. Wote tulikuwa tunatazama kitundu kidogo cha pembeni, pale maji ya kupoza yanapotoka kama impela inafanya kazi. Sekunde kadhaa, hakuna. Mkono wa mzee ulikuwa tayari juu ya swichi. Halafu ukatoka uzi mwembamba wa maji, kahawia mwanzoni, kisha safi.

Yule mnunuzi alikuja siku yake kama walivyokubaliana. Ami alimkaribisha kahawa, akamwonyesha, akamwambia, "Samahani bwana, ina kazi." Wakazungumza habari za Faza kwa muda mrefu, kisha akaenda zake.

Safari ya kwanza binamu yangu na wenzake wanne walitoka alfajiri, wakapita Mkanda maji yakiwa juu, kwa sababu hata uwe na farasi 200, Mkanda ukikupwa unakaa kwenye tope ukingoje mwezi ufanye kazi yake. Mbele walikuwa wameweka tanga lililokunjwa na mlingoti mfupi. Nilidhani ni mapambo, kama mashindano ya majahazi ya tamasha la utamaduni. Ami akaniambia tanga halihitaji impela.

Walirudi alasiri na samaki wa wastani, changu na tewa, na ngisi wachache. Baada ya mafuta na barafu, pesa zikakatwa mafungu juu ya mkeka, mbele ya kila mtu. La mkono, la chombo, la nyavu. Kisha binamu yangu akahesabu la mashine akamsukumia babake. Ami hakulitia mfukoni. Akamwita kijana wa jirani aliyekuwa anasafiri kesho yake, akampa zote, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi: impela moja, ya akiba, na uikunje bawa kabla hujalipa.